Kuni za Mwea

Mtu akaaye Fedha, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, aghalabu husahau kwamba chini ya lami na saruji na majumba ya ghorofa yaliyomzunguka uko uwanda. Ila mvua ya masika ikinyesha siku mbili mfululizo, udongo mweusi wa Embakasi hujitokeza pembezoni mwa njia na katika viwanja ambavyo havijajengwa, ukawashika wapitao kwa nguvu ya kumvua mtu kiatu, na hapo hata mimi, niliyezaliwa juu ya mchanga mweupe wa pwani, hukumbuka kwamba makazi yangu yamejengwa mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu ila nyasi, wanyama wa mwituni na upepo. Asubuhi zisizo na mawingu, mtu akipanda juu ya dari ya nyumba yetu, hukiona Kilimambogo, na mara chache sana, kabla ya jua kupata nguvu, kilele cha Mlima Kenya mbali kaskazini.

Nyuma ya nyumba nipangayo pana duka la nafaka, na mwenye duka ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Mama Mchele, kwa kuwa maharagwe na ndengu na mahindi yote yamo dukani mwake, lakini sifa yake ni ule mchele wa pishori wa Mwea, ambao akifungua gunia harufu yake humlaki mtu aliye mlangoni. Sisi watu wa pwani twajihesabu kuwa tunaujua mchele. Lugha yetu imeutilia majina matatu, mpunga ukiwa shambani, mchele ukiwa guniani, na wali ukiwa sahanini, na hapana arusi wala maulidi yatimiayo bila ya huo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikinunua kwake gorogoro mbili tatu kila mwisho wa juma, nisiulize ila bei, mpaka Alhamisi moja nikamwuliza mchele ule ni wa shamba la nani. Akanijibu hali anapima, bila ya kuinua macho: “Ni wa mama yangu, Mwalimu. Lakini kwenye daftari ni wa kaka yangu.”

Jibu lile lilinikaa moyoni kutwa nzima, na jioni, wateja walipopungua, nikarudi kumwomba anifafanulie. Ndipo aliponisimulia kwamba mama yake aliolewa Mwea mwaka 1960, siku ambazo vijiji vya pale vilikuwa vichanga na miti haijaota. Na kwamba kabla ya hapo babu yake, yaani baba wa mama yake, alipata kukaa hapa hapa Embakasi, si kwa hiari yake, bali kwa minyororo. Mambo hayo niliyajua kwa kusoma, lakini sikuwa nimepata kuyasikia kutoka katika kinywa cha mtu aniuziaye chakula. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau walitiwa katika kazi za sulubu. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao Gavana Sir Evelyn Baring aliufungua mwezi wa Machi 1958, ulichimbwa na kusawazishwa kwa mikono yao, kwa sururu na makoleo, na mawe yake wakayavunja wao. Ngurumo za ndege husikika Fedha mchana na usiku, nasi tumezizoea hata hatuzisikii tena. Basi katika miaka hiyo hiyo, mwendo wa kilomita 100 hivi kaskazini-mashariki, mahabusu wengine walikuwa wakichimba mifereji katika uwanda wa pili, wenye udongo mweusi kama huu wetu, na mmoja wao ndiye aliyekuja kumwoa binti wa yule mvunja mawe. Baba alichimba uwanda mmoja, mume akachimba uwanda mwingine, na mwanamke aliyekuwa baina yao ndiye aliyebaki kuishi juu ya ardhi iliyochimbwa. Nikamwambia Mama Mchele kwamba, akiniruhusu, ningependa kumwamkia mama yake.

Tulitoka Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, alfajiri, baridi ikiwa kali na mawingu yametanda. Tukaishika barabara ya Outer Ring mpaka ile ya Thika, na hapo tukangoja matatu iendayo Embu. Sitakawia kuisimulia njia hiyo, maana wengi waijua: Githurai, Ruiru, Juja, kisha Thika na mashamba ya mananasi yasiyokwisha, mpaka Makutano, ambapo barabara ya Nyeri ilikwenda zake kushoto na yetu ikashika kulia. Ardhi ikawa kavu, yenye miiba na mawe, na mbuzi wakichuma majani pembezoni. Nami nilianza kudhani kwamba tumekosea, kwa kuwa sikuona dalili ya kitu kipendacho maji. Ghafla uwanda ukafunguka. Majaruba yalienea mpaka upeo wa macho, mengine yamejaa maji yaliyotulia kama kioo, mengine yana miche ya kijani changa, na yangeyange weupe wamesimama kwenye kingo. Na kila penye jaruba lililokwisha kuvurugwa tope palikuwa na safu ya watu walioinama, na katika watu hao, niliowahesabu kadiri gari lilivyoniruhusu, wanawake walikuwa wengi kupita wanaume. Tulipofika Ngurubani, mji wa uwanda ule, wanawake wengine walikuwa wamepanga magunia na mizani kando ya barabara, wakiwaita wasafiri wanunue.

Ni lazima nieleze kwa ufupi mahali pale palivyokuwa. Kabla ya mifereji, Mwea ilikuwa malisho, nchi ya joto na homa, ambayo Wambeere na watu wa Ndia na Gichugu waliitumia kwa mifugo yao, lakini wenye busara hawakujenga humo. Serikali ya kikoloni iliianza kazi ya kumwagilia maji mwaka 1954, kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yashukayo kutoka mlimani, na kwa nguvu za mahabusu waliowekwa katika kambi za uwanda huo huo. Na anayetaka kujua kambi zile zilikuwaje na asome habari zake akiwa na moyo mgumu. Wafungwa walipoanza kufunguliwa, watu wasio na ardhi, na miongoni mwao waliokuwa mahabusu, walipewa vipande vya ekari nne nne wapande mpunga. Hawakuwa wenye ardhi. Walikuwa wapangaji, na upangaji wao ulikuwa kwa leseni. Mwaka 1966 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, ikazishika leseni hizo na sheria zake: mpangaji alime kwa namna aliyoamriwa na kwa wakati aliotajiwa, asiwe mtu wa kutoka akaliacha shamba lake, asifuge ng'ombe bila ya idhini, na mpunga wote, ghairi ya kiasi kilichowekwa kwa chakula cha nyumba, aupeleke kwa Bodi, naye alipwe baada ya kukatwa gharama za trekta, maji, mbegu na mbolea. Aliyevunja masharti aliweza kufukuzwa. Na leseni iliandikwa jina moja, nalo, isipokuwa kwa wajane wachache, lilikuwa la mwanamume.

Nyumba ya mama yake Mama Mchele imo katika kijiji kimoja cha sehemu ya Tebere, juu ya mwinuko mdogo kati ya majaruba. Tulimkuta ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe mkubwa, uliotanda hata kuufunika ua mzima, akichambua mchele katika ungo. Wajukuu wake humwita Cucu. Mimi, kwa kuwa ni rika la mama yangu, nilimwita Mama, nikamwamkia kwa shikamoo kama tulivyolelewa, na bintiye akamweleza kwa Kikikuyu maana yake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kiswahili cha polepole alichojifunza kwa Waswahili wanunuzi wa mpunga, “Karibu, mwanangu. Umetoka mbali kuja kuangalia matope.”

Nilimwomba anisimulie siku ya kwanza. Alisema aliletwa kwa lori, yeye na chungu na jembe na kibuyu na mbegu za maharagwe zilizofungwa katika kitambaa, akitoka milima ya Gichugu ambako nyumba husimama katikati ya migomba na kuni ziko nyuma ya mlango. Na alipotelemka, jambo la kwanza alilolitafuta kwa macho halikuwa nyumba wala mfereji, bali mti. “Nikatazama huku, nikatazama huku. Nikamwuliza bwana, nitapika kwa nini?” Mume wake, ambaye alikuwa amejifunza uwanda ule kwa koleo na viboko, hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiri juu ya jambo hilo. Wahandisi walipima mteremko wa maji, wakagawa ekari, wakapanga vijiji kwa mistari iliyonyooka, na katika hesabu zao zote hapakuwa na moto wa kupikia.

Nakaa hapa kidogo, maana naona ndani yake mna kiini cha habari nzima. Kwa miaka mingi, mara mbili kwa juma, wanawake wa kijiji kile walitoka kabla ya alfajiri, wakatembea kuelekea upande wa nchi kavu, wakakata vichaka, wakarudi adhuhuri na tita la kuni mgongoni, limeshikwa kwa mkanda wa ngozi uliopita juu ya utosi. Na kovu la mkanda ule, bonde dogo juu ya kipaji, Mama alinionyesha kwa kuvuta kilemba chake nyuma. Siku hizo hizo za kuni zilikuwa pia siku za shamba, wala shamba halikungoja. Miche ilipotoka kitaluni ilikuwa lazima ipandikizwe kabla haijapita umri, na kazi hiyo ilifanywa kwa kuinama kutwa, miguu ndani ya maji, mkono mmoja umeshika fungu la miche na mwingine ukichomeka. Kisha palizi, kisha, mpunga uliposhika mbegu, kuamia ndege. Nilimfundisha neno letu hilo la kuamia, nikamweleza na dungu ambalo mkulima wa pwani hukaa juu yake na teo mkononi, naye alifurahi, akasema kwamba yeye hakuwa na dungu, alisimama ukingoni na debe na jiwe tangu ndege waamkapo mpaka walalapo, na mtoto mgongoni, kwa maana kwelea kwelea wakishuka asubuhi moja tu wanaweza kumaliza jasho la miezi. Maji yale yale yaliyolisha mpunga yalileta mbu na kichocho. Alizaa watoto wanane, akazika wawili kwa homa. Hilo alilisema mara moja tu, nami sikumwuliza zaidi.

Halafu ukaja mchele wenyewe. Kwa mtu wa kwetu ni vigumu kusadiki, lakini wanawake wale waliopanda mpunga aina ya Sindano, mpunga wenye jina la Kiswahili safi, hawakuwa wakiujua kuwa ni chakula. Mama aliupika mara ya kwanza pamoja na maharagwe, kama apikavyo githeri, na mumewe akala, akanawa, akauliza chakula ki wapi. Katika ekari zile nne mahindi na maharagwe hayakuwa na nafasi, wala udongo ule mzito uliojaa maji haukuyataka; basi chakula kilichozoewa kilibidi kinunuliwe, na fedha zililipwa mara moja kwa mwaka, mkononi mwa mwenye leseni. Mwanamke aliyefanya kazi ya kutwa alikaa jikoni bila ya kuni, bila ya mahindi, na bila ya senti.

Alifanyaje? Alinitazama kwa kitambo kabla ya kujibu, kisha akacheka kidogo, akamwangalia bintiye. Katika ule mpunga ulioachwa kwa chakula cha nyumba, kila mke alipewa sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo ikawa hazina yake: aliutwanga kwenye kinu usiku, akauficha chini ya majani, akaupeleka kwa wanunuzi waliokuwa wakingoja nje ya mipaka, akarudi na mahindi, chumvi, sabuni na ada ya shule. Kuuza hivyo kulikatazwa, na aliyekamatwa alinyang'anywa. Jina lake lilikuwa magendo. Mimi nimeyafikiri sana maneno yake tangu siku ile, na sioni njia ya kumwita mwizi mtu aliyebeba usiku kitu alichokipanda mchana kwa mikono yake.

Zamani, katika maktaba moja ya hapa Nairobi, nilipata kukisoma kitabu juu ya Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris na kutolewa mwaka 1973, ambacho sehemu kubwa yake inahusu maji, udongo, usimamizi na mapato, na kwa mambo hayo Mwea ilisifiwa kuwa mfano bora wa umwagiliaji katika Afrika. Lakini iko sura moja, iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris, inayowahusu wanawake na uchumi wa nyumba, nayo yabainisha kwamba mapato yalipopanda mzigo wa mke ulizidi, na uwezo wake wa kuilisha nyumba kwa jasho lake mwenyewe ukapungua. Wakati ule niliisoma kwa haraka, nikipita kwenda kwenye takwimu. Laiti ningaliisoma polepole! Nilipokaa chini ya mwembe, kila nilichokumbuka cha sura ile kilikuwa na uso na mikono, na kilikuwa kikichambua mchele mbele yangu.

Mume alifariki kabla ya mabadiliko makubwa. Wazee wa ukoo wakakaa, leseni ikaandikwa jina la mwana wa kwanza wa kiume, na mama akaendelea kupanda, kupalilia na kuamia kama jana. Nilipomwuliza kama hilo halikumwumiza, alijibu kwa utaratibu kwamba wakati ule hakujua kwamba lingeweza kuwa vingine. Alilijua baadaye, alipowaona wajane wawili wa kijiji chake wakiitwa kwa majina yao kwenye mkutano wa maji, wakasimama na kujibu. “Mimi nikaitwa mama wa fulani,” alisema. “Nikasimama pia. Lakini si sawa.”

Mwaka 1998 wakulima wa Mwea walikataa kuendelea kupeleka mpunga wao kwa Bodi, wakaushika wenyewe na kuuza kwa ushirika wao, na fujo zilizofuata, hadi mwaka uliofuata, zimeandikwa na wengi. Nilitarajia Mama anisimulie maandamano na polisi. Yeye alinisimulia kwamba siku moja katika msimu ule alijitwika gunia lake, akatoka nalo mchana kweupe, akapita katikati ya barabara mpaka Ngurubani, na kila mtu akamwona, na hapana aliyemwuliza linakwenda wapi; na alipofika sokoni alikaa chini, akashindwa kuuza kwa muda, kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka. Alikuwa amepita miaka takriban 40 akibeba mpunga usiku.

Siku hizi mambo ni mengine. Bwawa la Thiba lilikamilika mwaka 2022, maji yamezidi, na wako wavunao mara mbili kwa mwaka. Pishori imeifukuza Sindano, na jina la Mwea limekuwa jina la mchele kote nchini hata wako wadanganyifu wauzao mchele mwingine kwa jina hilo. Vibarua wa kupandikiza hulipwa kwa siku, na aghalabu bado ni wanawake. Kaka yake Mama Mchele, aliye mtu mwema na mkarimu, alitutembeza majarubani baada ya chakula, akanionyesha lango la mfereji na zamu ya maji. Na humwachia mama yake sehemu ya mavuno auze atakavyo, ambayo ndiyo ijayo Fedha kwa gunia na kupimwa kwa gorogoro nyuma ya nyumba yangu.

Kuhusu ule mwembe: aliupanda yeye, kwa kokwa ya embe alilonunua njiani mwaka wake wa pili, akaumwagilia kwa maji aliyoyateka mferejini, akauzungushia miiba, akawakataza watu wote, mumewe akiwa wa kwanza, kuutia panga. Kwa miaka 60 na zaidi hakuwahi kukata tawi bichi. Huchukua vilivyoanguka tu. Binti zake wamemnunulia mtungi wa gesi, nao upo jikoni, unang'aa. Naye huutumia kwa chai ya wageni. Lakini tulipokuwa tukiaga, upepo wa Agosti ulikuwa umeangusha vijiti, na Mama, ambaye hutembea kwa fimbo, aliinama akaviokota kimoja kimoja kuuzunguka ua wote, asikubali kusaidiwa na mtu, akavivunja sawasawa kwa goti, akavifunga kwa kamba ya katani, akampa bintiye pamoja na mchele.

Mama Mchele hakai penye jiko la kuni. Anakaa orofa ya nne, na mwenye nyumba hukataza hata makaa. Alilipokea tita lile kwa mikono miwili bila ya neno, akalipakata safari nzima, Makutano, Thika, Githurai, hata tukashuka Fedha usiku umeingia. Nikamsaidia kutia mizigo dukani. Alipowasha taa na kuyasogeza magunia apate nafasi, nikaona nyuma yake, yamepangwa ukutani toka chini mpaka usawa wa kifua, matita mengine ya kuni, mengi, makavu, yamefungwa kwa kamba ile ile ya katani, na hapana hata kijiti kimoja kilichotiwa moto.